Gari Lililokosa Pumzi

Watu wa gereji walimwita Chuma, ingawa mgongo wake ulikuwa umechoka kuinama juu ya injini za watu. Wiki hiyo alikuwa ameshalitengeneza gari la kaka yake zaidi ya mara moja. Sasa simu ikalia tena kabla hajamaliza chai.

"Limezima, dada. Mama yumo ndani."

Aliwakuta kando ya barabara itokayo hospitali. Gari kuukuu la kabureta, lakini ndilo lililompeleka mama yao kusafishwa damu. Mama alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, hoi.

"Pole, mama."

"Pole na wewe, mwanangu. Mimi na hili gari tumekuwa mapacha. Leo fundi, kesho fundi."

Chuma hata nguvu ya kucheka hakuwa nayo. Alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akamwambia kaka apige stata. Petroli ikadondoka tone tone, kama inayolazimishwa. Na chujio lilikuwa jipya. Pampu aliibadilisha juzi, kabureta aliiosha kwa mikono yake, boya na vitundu vyote. Akakaa vumbini, akaegemea gurudumu.

"Ukilipumzisha, linawaka?"

"Linawaka. Linakwenda kidogo, linakata tena."

Akainuka kwa shida, akaenda kufungua kifuniko cha tangi. Hewa ikavutwa ndani, fsss, mlio mrefu. Tangi lilikuwa halipumui; hewa isipoingia, petroli haitoki. Ndani ya kifuniko kilikuwa kimebanwa kipande cha mpira wa tairi, kimekatwa vizuri kabisa, kimeziba tundu la hewa.

"Nani kaweka hiki?"

Kaka akatazama viatu vyake. "Mama alikuwa anatapika njia nzima kwa harufu ya petroli. Nikaona nizibe."

Maneno yalimjaa Chuma mdomoni. Kisha akaliona shati la kaka, lile lile la jana, na macho mekundu kwa kukesha. Akayameza. Akabandua ule mpira, akarudisha kila kitu mahali pake. Gari likawaka, likatulia.

"Harufu itarudi," kaka alisema.

"Itarudi. Nitatafuta kifuniko kizuri, ila si leo."

Mama alikwisha kuziba pua kwa mtandio. "Twendeni. Kutapika nimezoea, kulala barabarani bado."

Chuma akaingia nyuma, akampakata kichwa. Hawakufika mbali, wote wawili wakapitiwa na usingizi. Kaka akaendesha polepole, akikwepa mashimo.