Saa Iliyosema Themanini

Mkono mmoja mzee alishika kofia yake, wa pili akashika bega langu. Tulikuwa hatujazimaliza hata nyumba za Kengeja aliponisemea sikioni:

"Kijana, themanini hii?"

Nikatazama saa ya spidi ya pikipiki. Mshale uko kwenye themanini kweli, unatetemeka kama mtu mwenye homa. Pembeni yetu akapita mtu na baskeli, nyuma kafunga mkungu wa ndizi. Akatutolea salamu, akatuacha.

"Saa mbovu, mzee," nikasema.

"Saa mbovu, au wewe?"

Angekuwa abiria mwengine ningecheka. Lakini huyu ndiye baba wa binti ambaye nilimtuma mjomba wangu aniposee. Walitujibu kama inavyojibiwa huku kwetu: "Tumesikia, tutaulizia." Kuulizia maana yake unachunguzwa mwezi mzima: msikitini unakaa safu ya ngapi, mama yako akikuita unaitika vipi, ukinunua samaki unamtolea muuzaji maneno gani. Yeye hakuuliza mtu. Alikuja barazani kwetu baada ya sala ya alfajiri, begi mkononi, akataka nimpeleke Mkoani kuwahi boti ya Unguja. Nikajua mtihani ndio huu. Mimi skuli niliishia kidato cha pili, na mitihani ndiyo iliyonikomesha.

Nikapunguza mwendo. Mshale haukushuka. Nikapunguza tena, mpaka kuku mmoja akakatisha mbele yetu bila haraka yoyote, akasimama kati ya njia kututazama. Themanini.

Bandarini mzee alishuka, akanyoosha kanzu yake.

"Narudi keshokutwa, boti ya mchana. Utanipokea wewe, na jibu la posa nitakupa mwenyewe. Lakini nataka uniambie saa yako ina nini. Mwanangu simpi mtu asiyejua kipando chake kina maradhi gani."

Pikipiki yenyewe niliirithi kwa mjomba, inanizidi umri. Ila nikiwa juu yake huwa naona mbali. Nilishamuona binti kakaa nyuma, kashika buibui lisiingie kwenye tairi, tunakwenda Chake kununua mapazia. Mapazia nilishayachagua rangi.

Nikarudi Kengeja, nikamsubiri fundi mpaka akafungua, jua lishapanda. Akakaa nyuma, tukazunguka. Mwendo wa ishirini, mshale ishirini. Thalathini, thalathini.

"Yakhe," akasema, "hii haina kitu. Nenda ukapimwe wewe."

Kesho yake asubuhi nikaitoa uani kwa kuisukuma tu, sijaiwasha. Mshale ukapanda mpaka arobaini. Mimi nimevaa kandambili! Nikaisukuma mbio kwa fundi akaone. Hayupo, kaenda kuzika. Aliporudi ilikuwa adhuhuri, na mshale umetulia kama mtoto anayejua mgeni kaja.

"Wallahi asubuhi ilikuwa arobaini!"

"Na wewe ulikuwa unakwenda ngapi?"

"Nilikuwa nasukuma."

Akanitazama kwa huruma. Lakini ni mtu mwema. Akaniambia niiache kwake mpaka asubuhi, aamke nayo.

Siku ya tatu nilifika kwake kabla jua halijatoka vizuri. Kulikuwa na baridi ya kipupwe, fundi kajifunika shuka. Akazungusha tairi la mbele kwa mkono, mshale ukaruka. Akafungua kebo pale inapoingia kwenye saa, akaniambia nizungushe tena. Ule waya wa ndani ukazunguka vizuri, haugomi wala hauruki.

"Basi tairi zima, kebo nzima. Ugonjwa uko juu." Akainusa ncha ya kebo. Akainusa tena. "Mbona inanuka maandazi?"

Nikajifanya natazama tairi.

Akaifungua saa. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kimeganda kama samli. Akanionyesha kipande cha sumaku kinachozungushwa na kebo, na kikombe kidogo kinachobeba mshale. Havitakiwi kugusana kabisa. Mafuta yalipanda na kebo, yakajaa kati yao. Asubuhi yakiganda, sumaku inakikokota kikombe na mshale wake. Jua likiwaka yanayeyuka, mshale unapata uhuru wake.

"Umetia nini humu, yakhe?"

"Mafuta ya nazi. Kebo ilikuwa inalia."

Na chupa yake nyumbani nilikuwa naianika juani kila asubuhi ili yayeyuke! Sikuwahi kuviunganisha hivi viwili. Fundi alicheka mpaka shuka likamdondoka, kisha akaosha kila kitu kwa petroli.

Mchana nikampokea mzee. Sikungoja aniulize, nikamweleza yote pale pale gatini.

"Mafuta ya nazi ya wapi?"

Hapa ningeweza kusema ya dukani.

"Ya kwako, mzee. Nilipowaletea muhogo, Bi alinipa chupa nijipake kichwani. Alisema nywele zangu kama makumbi ya nazi."

"Mke wangu anakuna nazi, anakamua, anachemsha, anaengua, siku nzima. Wewe ukaipaka pikipiki?"

"Nilikuwa sina mafuta mengine mazuri kama yale. Na hii pikipiki ndiyo itakayombeba binti yako."

Akanipa mgongo, akatoa simu, akasogea mbali kuzungumza. Nikasema basi, anampigia mjomba, posa inarudi. Yale mapazia nikayaona yanashuka moja moja.

Akarudi, akapanda. Nusu ya safari akachungulia saa juu ya bega langu.

"Ngapi hiyo?"

"Ishirini, mzee."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

"Basi ongeza, kijana! Mama yake nimemwambia apike, leo tunakula na mkwe. Wali utapoa." Kisha akaniinamia sikioni. "Na habari ya mafuta, ife hapa hapa njiani."

Nikaongeza mpaka arobaini. Kofia yake ikaruka, tukarudi kuifuata mihogoni.

Bi alitupokea mlangoni. Kabla ya salamu alinitazama kichwa.

"Mbona nywele vile vile? Mafuta yamekwisha?"

Mzee akakohoa.

"Yamekwisha, Bi," nikasema.

Akaingia ndani, akatoka na chupa nyengine, kubwa kuliko ile.