Siku Mashine ya Kahawa Ilipoangusha Picha Zangu

Baba yangu aliendesha mashine ya kukoboa kahawa hapa Kasulu tangu sijazaliwa mpaka kinu kilipofungwa. Jengo likabaki la popo. Wenye jengo walipokubali tuligeuze kuwa jumba la sanaa, mimi na wachoraji wenzangu wawili, pamoja na mama mmoja msusi wa vikapu kutoka Busunzu, nilikimbia nyumbani kumweleza.

"Na mashine?" akauliza.

"Tutaiuza chuma chakavu, baba."

Kesho yake nilimkuta kinuni amevaa ovaroli yake ya kazi, inayombana tumboni, mkononi ana kopo la grisi. Sikuwa na moyo wa kumfukuza.

Wiki tatu sisi tulifagia maganda ya kahawa, tukafukuza popo, tukapaka kuta chokaa. Yeye alifungua nati, akazisugua, akazirudisha. Tulipishana kama wapangaji wa nyumba moja.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Nilikuwa katikati ya kuwaeleza wageni picha yangu kubwa ya soko la Manyovu, baba akaninong'oneza, "Binti yangu, niiwashe dakika moja tu."

Mbele ya wageni ningemkatalia vipi?

Mashine ilikohoa, ikatema moshi, kisha ikanguruma. Jengo zima likatetemeka. Picha ya kwanza ikaanguka, ya pili ikafuata, halafu soko langu la Manyovu likatua kifudifudi sakafuni. Vikapu vikabingirika mpaka mlangoni. Nilitamani kulia.

Lakini watu walikuwa wakipiga makofi! Kina mama waliowahi kuchambua kahawa pale wakasogea mbele, na yule msusi akadaka kikapu akakikinga kwenye mdomo wa mashine. Zikadondoka punje chache zilizonasa humo miaka yote.

"Jamani, bado inakoboa!" akapaza sauti.

Baba alizima, akajifuta jasho, akaziona picha zangu chini. "Pole, mama," akaniambia, lakini uso wote ulikuwa unacheka. Nikashindwa kujizuia, nami nikacheka.

Habari za kuiuza ziliishia hapo. Tumekaza picha ukutani kwa skrubu, na kila Jumamosi baba huvaa ovaroli akawaelezea wageni mashine yake. Kwenye picha zangu huwapitisha haraka haraka.