Weka Dawa, Mami

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sifichi. Nimetunza maabara ya shule hapa Nyeri miaka mingi, na mwanafunzi anayevunja chupa ya kupimia anajua tutaonana. Lakini mbele ya vile vikopo vitano vya yogati kwenye dirisha la jikoni nilikuwa mpole hadi nikajishangaa.

Ndani yake mlikuwa na miche ya mmea unaokula wadudu. Majani yake yana vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna tone linalong'aa kama umande. Inzi akitua, ananata, na jani linajikunja juu yake polepole. Mbegu nilizitoa kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya shamba letu la Gakindu, kwenye kikonyo kimoja kikavu, muda mfupi kabla watu hawajakichimba mitaro wapande nduma. Nilirudi mara tatu kutafuta. Wapi! Nduma tupu. Kwa hivyo kila kilichobaki cha kinamasi kile kilikuwa dirishani kwangu, na kikifa, basi.

Mbegu zenyewe ni vumbi. Huzifukii, unazinyunyiza juu ya udongo wa kinamasi uliochanganywa na mchanga, unafunika kwa plastiki, unangoja. Maji ni ya mvua peke yake, maana ya mfereji yanaziua. Mbolea nayo inaziua. Niliinama na kioo cha kukuzia kila asubuhi kwa wiki saba, nikizitukana, kisha nikiziomba msamaha. Zilipotoka zilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini, na kila moja tayari ilikuwa na matone yake. Nililia, jamani, mtu mzima na mvi zangu.

Ndipo Mami, mama yangu mzazi, akaja kukaa kwangu, baada ya kutolewa mtoto wa jicho hospitalini. Alipewa dawa ya kutia jichoni mara nne kwa siku. Kabla hata hajazoea kitanda, nikaitwa Kiriaini siku mbili kusaidia kuandaa mtihani wa vitendo. Niliogopa kumwacha na jicho lake, na niseme ukweli, niliogopa zaidi kumwacha na vikopo vyangu. Mami amelima kahawa maisha yake yote, na hawezi kupita jani bila kuligeuza aone chini yake kuna nini.

"Mami, tafadhali, usiguse hizo za dirishani."

"Nitagusa nini mimi, na macho ndiyo haya?" alisema, akacheka.

Siku ya pili asubuhi akanipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatika, sauti yake ikija vipande vipande.

"...iko na kitu inanata... inatoka maji maji... nifanye aje?"

Jicho! "Imeanza lini?"

"Nimeona leo tu."

"Weka dawa, Mami! Weka sasa hivi, usingoje nirudi."

"Ati niweke?"

"Weka!" nilipiga kelele, hadi walimu wakageuka. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikushika. Kazi iliyobaki niliifanya nikimwona mama yangu kipofu kwa sababu ya mtihani wa watoto wa watu. Saa sita niliomba ruhusa nikaondoka.

Nilimkuta ameketi jikoni, ametulia. Nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga. Jicho lilikuwa safi kabisa.

"Sasa unaniangalia nini? Jicho iko sawa."

"Si ulisema inanata?"

"Ni maua yako. Iko na ugonjwa. Nikaweka dawa vile ulisema."

Hapo ndipo nikaona chupa yangu ya kunyunyizia nguo ninapopiga pasi. Ilikuwa mezani, ndani kukiwa na maji ya buluu. Dawa ya wadudu wa kahawa. Alikuwa ameshuka mjini peke yake, na jicho lake bichi, akainunua. Kwa mtu wa kahawa jani linalonata lina vidukari, na jani lenye vidukari haliachwi lilale bila dawa. Na mimi ndiye niliyempa amri, tena kwa kelele. Lakini wakati huo sikufikiria hilo hata kidogo.

Kikopo cha kwanza kilikuwa cha buluu mpaka ukingoni. Nilikiinua nikamwekea karibu na uso.

"Umeziua! Kinamasi chote kimeisha, zilibaki hizi, na umeziua!"

Na kwa mkono wangu mwingine, mimi mwenyewe, nikafagia dirishani. Vikopo vinne vikaanguka kwenye sementi, udongo ukaruka hadi chini ya jiko. Sikuwa nimeviangalia.

Mami aliangalia sakafu, kisha akaniangalia.

"Mimi nilipiga moja tu," akasema polepole. "Dawa hujui, unajaribu moja kwanza, unangoja siku mbili tatu, unaona kama imekubali. Hizo zingine sikugusa. Si ulinikataza?"

Kikopo nilichokuwa nimekishika ndicho hicho kimoja kilichopigwa dawa.

Yeye alikuwa tayari amepiga magoti, anapapasa matope kwa ncha za vidole.

"Mami, inuka. Daktari amekukataza kuinama."

"Basi inama wewe," akasema, na hakuinuka.

Nikapiga magoti karibu naye. Tulichambua ule udongo punje kwa punje, mpaka chai aliyokuwa amenipikia ikapoa mezani. Hatukupata hata mche mmoja mzima.