Kachero Aliyeshindwa Ajaza Ukumbi Sosiot

Saa nane mchana, mvua ya Sosiot inapiga mabati kama kawaida yake, na ndani ya ukumbi wa video wa Gibson Kipkirui hakuna anayesikia filamu inasema nini. Anayesikika ni Janeffer Chepkurui.

Amesimama kando ya televisheni, leso kiunoni, akitafsiri kwa sauti ya kuishinda mvua. Kwenye skrini, kachero wa miaka ya sabini anainua kola ya koti na kupotelea kwenye ukungu. "Amechoka, lakini haachi!" anapaza sauti.

Janeffer, 47, alichuna majani chai miaka kumi na saba katika shamba moja kubwa, hadi mashine za kuchuna zilipoletwa naye akaambiwa arudi nyumbani. Nani aliamua? Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo kazi yake ni hii: filamu za zamani kila Jumamosi, kiingilio shilingi ishirini.

Nusura aipoteze hii pia. Machi viti vilikuwa vitupu, na Gibson akampa Jumamosi moja tu ya kuujaza ukumbi. "Nilikuwa nishapima mahali ya kuweka mashine ya kusaga mahindi," anakiri kwa aibu.

Shida ilikuwa miisho. Kachero hufukua ukweli, akakuta mkosaji ni tajiri asiyeguswa, na tajiri huyo huwasha gari akaenda zake. Janeffer, kwa huruma, alikuwa akitangaza kwamba gari linampeleka jela.

Jumamosi hiyo Mzee Sagini, karani mstaafu, alisimama. "Mama, wacha uongo! Jela gani mtu anajiendesha mwenyewe?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Janeffer aliingiwa na hofu. Akilini aliiona ile mashine ya kusaga ikipitishwa mlangoni. Kisha akasema ukweli: "Hajashikwa. Hatashikwa. Lakini kachero anamjua, na sasa hata sisi tunamjua."

Hakuna aliyetoka. Walibishana mpaka mvua ikaanuka, kila mtu akimkumbuka mkubwa wake aliyemdhulumu. Jumamosi iliyofuata, waliochelewa walikosa hata pa kusimama.

"Hiyo sinema ni yetu," asema Esnah Bitutu, aliyeachishwa kazi shambani siku ile ile pamoja na Janeffer. "Sisi pia tulishindwa, lakini hatukuwa wajinga."

Leo viti vyote arobaini vimejaa, na Janeffer anapanga kupeleka filamu zake Mulot siku za soko. "Huko pia wako watu walioachishwa kazi wakanyamaziwa," anasema.

Kwenye skrini, tajiri anawasha gari. Janeffer ananyamaza makusudi, mikono kiunoni, akitabasamu. Ukumbi mzima unainuka na kumfanyia kazi yake:

"Tunakujua!"