Mkalimani wa Sinema Isiyosema

Blanketi likikaa miaka mingi katika nyumba inayopikiwa kuni za miwati, hunuka moshi hata ulifue mara ngapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya sinema. Ukumbi wa usharika wetu, kijijini nje kidogo ya Njombe mjini, ulikuwa na madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na sinema ilioneshwa Jumamosi mchana, kwa kuwa baridi ya Juni ikishaingia jioni haina utani na mtu. Ili giza lipatikane, kila nyumba iliombwa kuleta blanketi moja la kuziba dirisha. Kwa hiyo tuliketi kwenye mabenchi tukitetemeka huku mablanketi yetu yakiyapasha joto madirisha. Nje jenereta lilinguruma, ndani kulinuka moshi, masweta yenye unyevu na viazi vya kuchoma tulivyoficha mifukoni.

Mwenye mashine alikuwa mwinjilisti aliyekuja na gari kutoka Makambako. Kwanza alionesha filamu ya dini, ya Kiingereza, na baba mdogo Yeremia, karani wa usharika, alisimama kando ya shuka nyeupe akitafsiri kwa Kiswahili, kisha kwa Kibena kwa ajili ya bibi zetu. Baada ya hapo, kama zawadi ya kutulia, ilifuata filamu fupi ya kuchekesha, ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti hata chembe. Mara ya kwanza baba mdogo alikwenda kuketi akidhani kazi yake imekwisha. Wazee wakamjia juu.

"Yeremia, mbona unakaa? Watu wanaongea pale, midomo inacheza!"

Akajaribu kueleza kwamba hakuna maneno ya kutafsiri. Hawakumwelewa, waliona anawabania tu. Basi akarudi mbele, akajikohoza, akaanza kutafsiri ukimya. Tangu siku hiyo filamu zile zikawa za kwetu. Polisi mnene mwenye kirungu akawa mwenyekiti wa kijiji. Jamaa mwembamba mwenye viatu vikubwa, aliyebeba ngazi begani na kila akigeuka anawagonga watu vichwa, alimsalimu kila mmoja "Kamwene!" kabla ya kumwangusha, akauliza habari za mbegu za viazi, ndipo akaomba radhi. Mwanamama mwenye kofia ya manyoya alikuwa mama mkwe wake, ambaye kwa heshima hakuruhusiwa kukutana naye uso kwa uso, na ndiyo sababu jamaa alipomwona tu alijitosa kwenye pipa la chokaa. Hakuna aliyeshangaa. Mkwe mwenye adabu angefanya nini kingine?

Mwaka ninaoukumbuka zaidi nilikuwa na miaka tisa, na baba yangu, kaka wa Yeremia, alikuwa amefariki mwezi Machi. Mama alikuwa mtu wa kucheka, tena si kicheko cha kuficha mdomo. Ulikisikia ukiwa kisimani. Baada ya mazishi alifunga kitambaa cheusi kichwani na kicheko kikakoma. Shangazi, dada mkubwa wa baba aliyeolewa Mlangali, alikuja kukaa nasi hadi msiba uondolewe. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa amemzika mdogo wake. Lakini alisema wazi, pale pale jikoni, kwamba mjane anayecheka kabla ya mwaka kwisha anawatangazia watu kuwa amefurahi. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya viazi. Mimi niliingiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu: kwamba mwaka utakwisha, kitambaa kitafunguliwa, na mama atakuwa amesahau namna ya kucheka. Nilikuwa namkosa baba, na sasa nilikuwa namkosa na mama anayekaa mbele yangu.

Siku ya sinema blanketi pekee lililokuwa halitumiki nyumbani lilikuwa la baba, lile zito la kijivu. Mama hakutaka kunikabidhi mimi. Akalibeba mwenyewe, shangazi akafuatana naye, na wakishalitundika wakaketi benchi la nyuma kulisubiri. Niliketi katikati yao. Siku hiyo yule jamaa mwembamba alipanda paa kupigilia bati, upepo ukamchukua na bati lake, akateleza mpaka chini, akatumbukia kwenye hori la ng'ombe. Akatoka amelowa chapachapa, watu wamemzunguka, akaweka kofia yake sawa. Sijui kama baba mdogo alipanga au ulimi ulimponyoka. Alisema kwa sauti nzito, "Mnatazama nini? Sijaanguka. Nimeshuka."

Yalikuwa maneno ya baba. Alikuwa ameanguka kutoka paa la jiko letu mbele ya wazee wa kanisa, akawajibu hivyo hivyo, kisha akachechemea wiki nzima. Mama akapasuka kicheko. Kilikuwa kile kile cha kusikika kisimani, na ukumbi mzima ukageuka. Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya kile kitambaa cheusi lakini mabega yaliendelea kumcheza. Nilimshika shangazi mkono kwa nguvu zangu zote, nikitaka kumwomba asimgombeze. Akauchomoa, akasimama.

"Ni yeye," akasema. "Jamani, ni mdogo wangu kabisa! Hata kofia anaiweka vile vile!"

Akaketi kwa kishindo, akacheka huku machozi yakimtiririka, akimpiga mama begani. "Wifi, na wewe ulikuwa na ndoo ya maji, ukaiachia miguuni pako!"

Kitambaa kilibaki kichwani hadi mwaka ukatimia, kwa kuwa desturi ni desturi. Lakini jioni ile shangazi mwenyewe ndiye aliyesema, "Hebu tuoneshe tena alivyoteleza," na mama akasimama na mwiko mkononi akatuonesha.

Watu husema filamu zile ni za kijinga. Mimi nazipenda bila aibu. Nilikuwa nimemwona baba akishushwa kaburini, na pale ukumbini nikamwona mtu anayeanguka mara kumi na kuinuka mara kumi. Nilizihitaji kuliko mahubiri, Mungu anisamehe.

Leo naishi Makambako, na vichekesho vimejaa kwenye simu. Vingi ni vya kumtega mtu asiyejua na kumwaibisha, na kila mmoja nyumbani hucheka peke yake, amejiziba masikio. Hilo ningeweza kulizoea. Linalonisumbua ni hesabu ya miaka, ambayo utotoni sikuifanya. Mama alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mimi nilimwona mtu mzima, mkubwa kama kanisa. Sasa binti yangu ana umri huo huo. Juzi alikuja kunitembelea, nikamkuta jikoni anacheka kitu hadi ameshika meza asianguke, nikasimama mlangoni nikimtazama. Alikuwa mtoto kabisa.