Kikohozi cha Rosa Kiden

Rosa Kiden alikuwa na kanuni moja: kaburini hasomi neno ambalo anajua si kweli. Kwa miaka kumi na saba aliishika, au alidhani anaishika, na watu wa kanisa lake huko Arua walimheshimu kwa hilo na kumwogopa kidogo.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye sauti inayofika mwisho wa hema bila kipaza sauti. Kila alipokufa mtu, familia iliandika wasifu wa marehemu na kumpelekea Rosa asome siku ya maziko. Yeye aliupitia kwanza nyumbani, kalamu mkononi. Akikuta pameandikwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani, naye anakumbuka jinsi marehemu alivyomkimbiza jirani kwa jembe, hakubishana na wafiwa. Aliweka alama ndogo pembeni. Akifika kwenye alama hiyo mbele ya watu alikohoa, akaruka mstari, akaendelea.

Baada ya muda watu walijifunza kusikiliza kikohozi. Mazishi yenye kikohozi kimoja yalihesabiwa kuwa mazuri. Fundi baiskeli mmoja alipata vinne, na mama mkwe wake hakuonekana kushangaa. Familia nyingine zikaanza kuandika yaliyo salama tu: kwamba marehemu alizaliwa, alipenda chai, alikufa.

Rosa alikuwa mjane. Aliishi mtaa wa Ediofe, katika nyumba ndogo ya nyuma kwenye kiwanja cha kaka yake, Laku, na mke wa Laku, Agnes Keji. Wanawake hao wawili walipika pamoja na kuchambua maharage pamoja kwa miaka mingi, wala hawakuwahi kugombana zaidi ya siku moja. Laku alikuwa mjumbe wa baraza la kanisa, mkali wa maadili. Ndiye aliyeongoza kikao cha kumtoa Moris, mwimbaji wa besi, kwenye kwaya kwa kosa la kuoa mke wa pili. Kikao kilichukua dakika ishirini, kwa sababu Laku alikuwa na safari ya Koboko.

Huko Koboko Laku alikuwa na Hasifa, muuza vitenge, na watoto wawili, Hakim na Night. Rosa alijua. Alijua tangu siku alipoingia soko la Koboko kununua kitenge, na mtoto anayeanza kutembea, mwenye masikio ya baba yake Rosa mwenyewe, akamshika sketi. Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma. Watoto wakakua wakimwita shangazi, naye akawapelekea madaftari kila muhula. Akirudi Ediofe hakusema kitu. Alijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza, na kwamba kanuni yake ilihusu karatasi za mazishi, na Laku alikuwa hai.

Mwaka jana Laku akafa kwa presha.

Walimpeleka kumzika kijijini kwao, Abuku. Asubuhi ya maziko Agnes Keji alimletea Rosa karatasi nyuma ya jiko. Alikuja na Albert, mwenyekiti wa baraza la kanisa, Mlugbara ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Arua. Rosa akasoma kimya mpaka mstari wa kumi na moja. Palikuwa pameandikwa: "Alikuwa mume wa mke mmoja. Ameacha mjane na watoto wanne."

"Wifi," akasema, "hapa siwezi."

"Najua huwezi." Macho ya Agnes yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini sauti ilikuwa kavu. "Unadhani mimi sijui? Najua tangu mwaka ule wa korona, alipofungiwa Koboko miezi mitatu akarudi amenenepa."

Rosa hakuwa amewahi kufikiria kwamba Agnes anajua.

"Basi tuufute mstari."

"Tukiufuta watauliza mjane yuko wapi. Nimekaa na yule mtu miaka ishirini na sita, wifi. Leo nataka kuzika mume. Sitaki kuzikwa naye."

"Mama Mwalimu, hii kitu iko rahisi," akasema Albert. "Wewe unafika pale, unakohoa, unapita. Kila mutu anajua kikohozi yako. Mungu pia anajua."

"Na wale watoto?"

"Watoto gani?" akauliza Albert, ambaye aliwahi kula chakula cha mchana kwa Hasifa si chini ya mara sita.

"Kohoa, wifi," akasema Agnes. "Nimekuomba kitu gani kingine, miaka yote hii?"

Wakamwacha na karatasi. Rosa akabaki ameketi kwenye kigoda. Miaka yote alikuwa amehesabu kikohozi chake kuwa ukweli. Sasa kilikuwa kimeagizwa mapema, pamoja na hema na viti. Aliyekuwa na jambo la kuficha angeweza kukitegemea.

Akainua macho. Ng'ambo ya ua wa mihogo alisimama Hasifa na watoto wake wawili wamevaa sare za shule, kwa kuwa ndizo nguo zao safi kuliko zote. Hawakuingia. Kwa desturi ya ukoo ule, wasifu ukishasomwa, mzee wa ukoo huwaita watoto waliotajwa watupe udongo kaburini, na asiyetupa udongo siku hiyo hana pa kujenga Abuku atakapokuwa mtu mzima. Hakim alikuwa na miaka kumi, Night saba.

Saa nane Rosa akasimama kando ya kaburi. Alisoma kwamba Laku alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alihudumu kanisani. Alipofika mstari wa kumi na moja akanyamaza. Watu wakainua vichwa kusubiri kikohozi. Albert alikuwa ameshainama kwa heshima.

"Hapa pameandikwa mke mmoja na watoto wanne," akasema Rosa. "Agnes Keji ni mke wa kanisani, na hana kosa. Lakini watoto ni sita. Hakim na Night wamesimama pale nje ya ua na mama yao. Nimewajua kwa miaka tisa na nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nalitubu hapa." Akarudi kwenye karatasi. "Marehemu alipenda mpira wa miguu na samaki wa kukaushwa."

Alisoma hadi mwisho. Mzee wa ukoo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, aliuliza tu hao wawili waliobaki wako wapi. Watoto sita wakatupa udongo. Night alitupa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza ulianguka kwenye viatu vyake. Agnes Keji alitazama kaburi, hakumtazama mtu.

Wiki mbili baadaye, Ediofe, Agnes alikuja kwenye mlango wa nyumba ndogo. Hakuketi.

"Sikufukuzi," akasema. "Umesema kweli. Ungeniambia mimi kwanza, miaka tisa iliyopita, tukiwa wawili jikoni. Umeniambia pamoja na watu mia nne."

Rosa akaanza kufunga vitu vyake. Alihama mwisho wa mwezi.

Baraza la kanisa liliamua kwamba kusoma wasifu ni kazi ya vijana. Msomaji wa sasa husoma kila kitu kama kilivyoandikwa, na marehemu wote wa mwaka huu walikuwa watu wa amani. Moris hajarudishwa kwenye kwaya.

Hakim na Night wana sehemu yao Abuku, imepimwa na kuwekewa miti mipakani. Rosa amepanga chumba kimoja upande wa Logiri, mbali na kanisa. Amepoteza nyumba, na hasomi tena. Agnes Keji hajaongea naye tangu siku ile mlangoni.