Mlima Umejifunika Kwa Simu ya Mzee

Leo mlima wangu mwenyewe umeniaibisha.

Wapagazi wa Naro Moru walinipa kazi ya tovuti. Nikawachorea Mlima Kenya mzima, unauzungusha kwa kidole. Kwa laptop yangu ni moto!

Mzee Wachira, mkubwa wao, akaufungua kwa simu yake ya zamani.

Kijivu. Kijivu tupu.

Kabla sijajitetea, akasema: "Saa tano hii huwa umejifunika. Tungoje."

Ati tungoje mawingu yaondoke! Na wakangoja kweli, wazee wanne, macho kwa simu.

Makosa ni yangu. Simu kama hiyo haiwezi kuchora mlima wa kuzungusha, na mimi sikuwa nimeiwekea njia ingine.

Nikafungua laptop hapo hapo. Mlima ukikataa, simu ichore ramani ya kawaida. Ramani ikikataa, iweke picha. Siendi nyumbani mzee hajaona mlima!

Saa tisa akajaribu tena. Ramani nayo ikakataa.

Halafu picha ikatokea, theluji na yote.

"Si nilikwambia?" akaniambia kwa upole. "Mlima ni kungoja tu."

Nimefunga laptop. Wewe ungemwambia ni picha tu?